Mishima wa Schrader: Filamu Iliyomtii Marehemu Kuliko Vitabu Vyake

Filamu ya Mishima: A Life in Four Chapters, ya mwongozaji wa Kimarekani Paul Schrader kuhusu mwandishi wa Kijapani Yukio Mishima, ilikamilika mwaka 1985. Ilipigwa Japani, kwa Kijapani, na waigizaji wa Kijapani, na sehemu kubwa ya fedha zake ilitoka hukohuko. Hata hivyo Wajapani walisubiri miaka 40 kabla ya kuonyeshwa hadharani nchini mwao. Ilibidi ufike mwaka 2025, karne moja tangu mwandishi azaliwe, ndipo Tamasha la Kimataifa la Filamu la Tokyo likaiweka kwenye ratiba. Tamasha lilelile lililoiweka kando lilipofanyika kwa mara ya kwanza. Mcheza kwao hutunzwa, lakini hii ilichezwa kwao ikafungiwa mlango.

Miaka yote hiyo ugomvi ulikuwa mmoja: je, mwongozaji wa Kimarekani amemvunjia heshima Mishima? Mjane wake, Yoko, aliona hivyo. Makundi ya mrengo wa kulia yaliona hivyo pia, yakatoa vitisho. Mimi naona kinyume kabisa. Filamu hii ilimheshimu Mishima kupita kiasi. Ilimtii. Ilichukua maelekezo yake ya namna alivyotaka kukumbukwa, ikayatekeleza kwa ustadi ambao sijauona kwenye filamu nyingine ya wasifu, na kwa kufanya hivyo ikavikata ndimi vitabu vyake. Hilo ndilo linalonisumbua, kwa sababu vitabu vyenyewe vilibishana naye.

Kwa msomaji ambaye jina hili ni geni: Yukio Mishima ni jina la kalamu la Kimitake Hiraoka, aliyezaliwa Tokyo Januari 14, 1925. Alisoma sheria Chuo Kikuu cha Tokyo, akaajiriwa Wizara ya Fedha, akaacha kazi mwaka 1948 ili aandike. Mwaka uliofuata riwaya yake Kamen no Kokuhaku, maungamo ya kijana anayeficha mapenzi yake kwa wanaume nyuma ya kinyago, ikampa umaarufu akiwa na miaka 24. Aliandika riwaya zaidi ya 30, tamthilia, hadithi fupi na insha. Alitajwa miongoni mwa wanaostahili Nobel, mpaka mwaka 1968 tuzo hiyo ilipokwenda kwa mtu aliyemfungulia milango ya uandishi, Yasunari Kawabata. Alipofika miaka 30 akaanza kunyanyua vyuma, akaujenga mwili wake kwa bidii ileile aliyoitumia kujenga sentensi. Kisha akaanzisha jeshi lake dogo la wanafunzi, Tatenokai, yaani jumuiya ya ngao, lenye vijana wapatao 100 waliovalia sare zilizoshonwa maalumu.

Novemba 25, 1970, akiwa na vijana wanne wa jeshi hilo, aliingia kambi ya Ichigaya jijini Tokyo, makao makuu ya Kamandi ya Mashariki ya Jeshi la Kujihami. Wakamteka Jenerali Kanetoshi Mashita ofisini mwake. Mishima akatoka kwenye roshani akawahutubia askari wapatao elfu moja, akiwataka wainuke dhidi ya katiba ya baada ya vita, iliyoinyima Japani jeshi kamili, na wamrudishie Mfalme Mkuu hadhi yake ya zamani. Askari wakamzomea. Akarudi ndani akajiua kwa upanga kwa desturi ya samurai, na mfuasi wake, Masakatsu Morita, akafuata. Mishima alikuwa na miaka 45.

Siku hiyo moja imemeza kila kitu. Ukimtaja Mishima mahali popote, mazungumzo yanakimbilia roshani ile kabla hata jina la kitabu kimoja halijatajwa. Paul Schrader alilijua hilo, na badala ya kulikwepa akalifanya kuwa uti wa mgongo wa filamu yake.

Schrader ndiye aliyeandika Taxi Driver ya mwaka 1976, hadithi ya mpweke anayetafuta kujitakasa kwa kumwaga damu, kwa hiyo Mishima hakumkuta mikono mitupu. Alilelewa Michigan katika familia ya Kikristo ya Kikalvini yenye msimamo mkali. Muswada wa filamu aliuandika na kaka yake Leonard, aliyewahi kuishi na kufundisha Japani, pamoja na shemeji yake Chieko. Francis Ford Coppola na George Lucas wakaupa mradi majina yao kama watayarishaji wakuu. Bajeti ilikuwa kama dola milioni 5, na kwenye kumbi za Marekani filamu ikarudisha takriban nusu milioni tu. Ken Takakura, nyota ambaye kila Mjapani alimfahamu, alifikiriwa kwa nafasi ya Mishima lakini akajitoa. Ikaenda kwa Ken Ogata.

Filamu ina tabaka tatu zinazopishana. Ya kwanza ni siku ya mwisho, kwa rangi za kawaida na kamera inayotembea kama ya mwandishi wa habari: Mishima anaamka, anavaa sare, anawapokea vijana wake, gari linaelekea Ichigaya. Ya pili ni maisha yake ya nyuma, kwa rangi nyeusi na nyeupe. Ya tatu ni vipande vya riwaya zake, vikichezwa kwenye seti zilizobuniwa na Eiko Ishioka, mwanamke aliyetoka kwenye ubunifu wa matangazo na ambaye baadaye alishinda Oscar kwa mavazi ya filamu nyingine.

Ningependa nikae kidogo kwenye seti hizo, maana humo ndimo filamu inamozaa kitu kipya. Chukua sehemu ya Kinkaku-ji, riwaya ya mwaka 1956 iliyotokana na tukio la kweli: Julai 1950 mtawa kijana alilichoma moto hekalu la dhahabu la Kyoto, jengo lililosimama karne nyingi. Kijana wa kwenye riwaya, Mizoguchi, ana kigugumizi, na uzuri wa hekalu unamlemea kiasi kwamba hawezi hata kumgusa mwanamke, kwa kuwa kila anapokaribia, hekalu linajitokeza akilini mwake na kumzuia. Mwongozaji mwingine angelikwenda Kyoto kupiga picha za hekalu. Ishioka alijenga hekalu la ndani ya kichwa cha Mizoguchi. Limeng'aa kupita dhahabu yoyote, kila kilicholizunguka ni cha jukwaani waziwazi, kuta hazina dari. Halafu mbele ya macho ya kijana jengo zima linapasuka katikati na kufunguka pande mbili, mwanga wa dhahabu ukimmiminikia usoni. Hakuna anayesema neno. Hapo mtazamaji anaelewa jambo ambalo insha nyingi zimeshindwa kulifafanua: kwamba kuna watu ambao uzuri hauwafariji, unawatisha.

Kila riwaya imepewa rangi zake. Kinkaku-ji ni dhahabu na kijani. Nyumba ya Kyoko ni waridi la kukera macho, la Tokyo ya miaka ya 1950 iliyoanza kushiba. Ya tatu imeiva weusi na wekundu. Muziki wa Philip Glass umefuata mgawanyo huohuo: wapiga nyuzi wanne tu kwa utoto na ujana, ngoma za gwaride kwa siku ya mwisho, okestra nzima kwa riwaya. Kwenye tamasha la filamu la Cannes, mwaka 1985, Ishioka, Glass na mpiga picha John Bailey walipewa tuzo ya mchango wa kisanaa. Walistahili bila ubishi.

Tabaka la nyeusi na nyeupe ni fupi lakini lina mambo mawili yanayobaki kichwani. La kwanza ni bibi yake, Natsu, aliyemchukua mtoto kwa mama yake akiwa bado mchanga na kumfungia kwenye chumba chake cha ugonjwa kwa takriban miaka 12, bila michezo ya wavulana wenzake. La pili ni uchunguzi wa afya wa jeshi mwaka 1945. Kijana alikwenda akiwa na mafua, akayatia chumvi maelezo ya ugonjwa wake, daktari akaandika kwamba mapafu yana tatizo, akarudishwa nyumbani. Wenzake wakaenda wakafa. Mwenye kovu usidhani kapoa: huyu aliyekimbia kifo cha askari akiwa na miaka 20 alikuja kukitafuta alipofika 45, akiwa amevaa sare aliyojishonesha mwenyewe. Filamu hailisemi hilo kwa mdomo, inaliweka tu mbele yako, na ni moja ya nyakati inapomtazama Mishima kwa jicho lake yenyewe bila kuazima lake.

Sasa nije kwenye kesi yangu.

Schrader alichagua riwaya tatu na kuzielekeza zote kwenye roshani. Kila sehemu inaishia ukingoni mwa kifo, kisha inakatwa, na mwisho kabisa, upanga unapoingia mwilini mwa Mishima, tamati za riwaya zote tatu zinarudi kwa mfululizo: hekalu linawaka, mwigizaji amelala na damu, kijana mwanamapinduzi amepiga magoti mbele ya jua. Ukiwa ukumbini huwezi kupumua. Ujumbe uko wazi: mtu huyu alikuwa akiiandika siku hii tangu zamani, na kifo chake ni sura ya mwisho ya kazi yake. Sura ya nne ya filamu inaitwa umoja wa kalamu na upanga.

Tatizo ni kwamba riwaya hizo haziishi hivyo.

Katika Kinkaku-ji, Mizoguchi analichoma hekalu na anakusudia kufia ndani. Mlango wa chumba cha juu unakataa kufunguka. Anakimbia mpaka mlimani, anatia mkono mfukoni, anakuta kisu na dawa za kujiulia alizojiandalia, anavitupa. Kisha anawasha sigara na kuwaza kwamba anataka kuishi. Huo ndio ukurasa wa mwisho wa kitabu! Mishima wa miaka 31 alimfikisha mhusika wake kwenye moto halafu akamtoa humo akiwa hai. Filamu imemwacha ndani ya miali.

Nyumba ya Kyoko, iliyotoka mwaka 1959, ina vijana wanne: mwigizaji, bondia, mchoraji na karani wa kampuni. Filamu imemfuata mwigizaji peke yake, Osamu, anayekufa pamoja na mwanamke mkopeshaji aliyemnunua mwili wake. Wengine wamesukumwa pembeni. Mchoraji, ambaye naye anapotea njia karibu aangamie, anarudi kwenye sanaa yake na kwenye maisha, anaonekana kidogo tu, na safari yake hiyo haimo. Kati ya njia nne alizoziwaza mwandishi, mwongozaji alichukua ile iliyoelekea makaburini.

Riwaya ya tatu, Honba, yaani farasi waliotoroka, ndiyo inayofanana zaidi na siku ya Ichigaya. Kijana Isao wa miaka ya 1930, mcheza kendo, mchezo wa upanga wa Kijapani, anapanga kuwaua matajiri anaoamini wanaiuza nchi, na ndoto yake ni kujiua juani alfajiri, juu ya jabali linaloitazama bahari. Filamu inampa jua hilo, jekundu, likipanda mbele yake. Kwenye kitabu hakuna jua. Isao amekwisha kumchoma tajiri kisu, anafukuzwa, hana nafasi ya kusubiri, anajiua gizani, usiku, mbele ya bahari nyeusi. Jua linamzukia nyuma ya kope zake tu. Ndani ya tofauti hiyo ndogo ndimo Mishima mwandishi alimomzidi akili Mishima mwanamgambo: alijua kwamba kijana wake hakukipata alichokifia.

Na kuna kitabu ambacho filamu haikukigusa kabisa. Honba ni ya pili katika mfululizo wa riwaya nne. Ya nne, Tennin Gosui, ndiyo ambayo sehemu yake ya mwisho Mishima aliiacha ikamfikie mchapishaji siku ileile aliyokwenda Ichigaya. Mle Honda, shahidi wa hadithi nzima, amezeeka, amechoka, amejaa aibu. Anapanda mpaka kwenye hekalu la watawa wa kike kumwona Satoko, aliyependwa na rafiki yake Kiyoaki miaka 60 iliyopita. Satoko, ambaye sasa ndiye mkuu wa watawa, anamsikiliza kwa upole, halafu anamwambia hajapata kumsikia mtu wa jina hilo. Labda hakuwahi kuwepo. Honda anabaki akijiuliza kama na yeye yupo.

Jiulize, basi: mtu anayekwenda kufa kwa ajili ya Mfalme Mkuu, historia na damu ya samurai, ndiye huyohuyo aliyemalizia kazi ya maisha yake kwa kusema kwamba kumbukumbu yote huenda ni moshi. Kalamu ilisema hivi, upanga ukasema vile. Hakuna umoja hapo, kuna mpasuko, na mpasuko huo ni wa kusikitisha na wa kina kuliko umoja wowote. Schrader alikuwa na mradi wa filamu kubwa zaidi mikononi mwake, akaipita.

Najua jibu la watetezi wake: filamu si kitabu, mwongozaji ana haki ya kukata. Nakubali anayo. Lakini kukata si jambo moja na kupindisha mwelekeo. Ukiondoa kila mahali mwandishi alipoonyesha shaka, ukabakiza kila mahali alipoonyesha moto, umempokonya nusu ya akili yake ukamwachia nusu aliyoipenda yeye jukwaani. Mishima alikuwa mwongozaji hodari wa mwili wake. Mwaka 1966 aliongoza na kuigiza filamu yake mwenyewe, Yukoku, inayomwonyesha ofisa wa jeshi akijiua kwa upanga. Alikuwa amekwisha kufanya mazoezi. Mtu wa namna hiyo anahitaji msanii atakayemkatalia.

Mara moja filamu inamkatalia, na nataka kuipa haki yake. Ni pale roshani. Mishima hana kipaza sauti. Helikopta zinazunguka juu. Amejifunga kitambaa kichwani, mikono kiunoni, anapaza sauti mpaka mishipa ya shingo inatokeza, na chini askari wanamcheka, wanamzomea, wanamwambia ashuke. Ogata anacheza hapa vizuri kuliko pote: macho yanaanza kumtoka, unamwona mtu aliyeandaa kila mshono wa sare lakini hakuandaa nini afanye ikiwa watu hawataki kusikia. Muziki hausikiki. Kwa dakika hizo hatumo tena kwenye seti za Ishioka, tumo kwenye ua wa kambi pamoja na vijana wa kawaida ambao wanataka kurudi kula chakula cha mchana. Akarudi ndani akawaambia wenzake kwamba anadhani hata hawakumsikia. Filamu ingedumu hapo kidogo, ingesikiliza zaidi zile sauti za chini, ningeisamehe mengi. Lakini ngoma zinarudi, na jua linapanda.

Kuhusu Yoko. Mwongozaji alitaka kutumia riwaya ya Mishima inayozungumzia wazi mapenzi ya wanaume kwa wanaume. Mjane akakataa, ndipo Nyumba ya Kyoko ikachukua nafasi yake. Aliyoyakataa hayakuisha yote: bado kuna tukio la Mishima kwenye baa akicheza na mwanamume anayemkejeli kwa mwili wake kulegea. Simlaumu mama huyo. Alikuwa na watoto wawili wa kulea chini ya jina ambalo kila mtu alilijua kwa sababu ya damu. Lakini kizuizi chake hakikumlinda mtu yeyote. Kilichopatikana ni filamu inayonong'ona kuhusu mapenzi ya Mishima huku ikipiga kelele kuhusu kifo chake, na ni taifa lililonyimwa nafasi ya kuibishia filamu hiyo kwa miaka 40. Wajapani waliosoma Kinkaku-ji shuleni wangeliona mara moja kwamba sigara ya Mizoguchi haimo. Wao ndio waliokuwa na haki na uwezo wa kumwambia Schrader amekosea wapi.

Na kuhusu Morita. Masakatsu Morita alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Waseda mwenye miaka 25. Alimfuata mtu aliyemzidi miaka 20, tajiri wa sifa na wa maneno, mpaka ndani ya chumba kile, na akafia humo dakika chache baada yake. Wenzake watatu walitoka wakiwa hai, wakashitakiwa, na mwaka 1972 wakahukumiwa kifungo cha miaka minne kila mmoja. Jenerali Mashita alikuwa amefungwa kwenye kiti muda wote, akiona. Maofisa waliojaribu kumwokoa walikatwa kwa upanga wa Mishima. Kwa Schrader hawa wote ni watu wa kupitia nyuma ya kamera. Morita hana mama, hana chumba cha bweni, hana siku hata moja ya kusitasita. Filamu inayodai kueleza kwa nini Mishima alikufa ilipaswa walau kuuliza kwa nini Morita alikufa, kwa sababu Mishima alikuwa amejieleza katika vitabu zaidi ya 30, na kijana huyu hakupata hata kimoja.